MJADALA: Kanuni ya wageni 12 inaua mabeki wazawa, au beki ndiyo nafasi pekee tunayoiweza?

Kitasa Namba Nne:
Wakuu, dirisha kubwa linakuja na kelele zimeshaanza. Simba watafute beki wa kati nje, Yanga waongeze mwingine, Azam nao wamo. Kanuni inaruhusu klabu ya Ligi Kuu kusajili wageni 12. Swali langu: kwa nini hata moja ya nafasi hizo itumike kwa beki? Tazameni Taifa Stars kwenye AFCON ya Morocco. Tulifungwa 2-1 na Nigeria, sare 1-1 na Uganda, sare 1-1 na Tunisia, kisha tukatolewa 16 bora na wenyeji kwa goli moja la Brahim Díaz. Mechi nne, tumefungwa matano. Mbele tumefunga matatu tu. Ugonjwa uko mbele, nyuma tuko vizuri, na mabeki wengi wa kikosi kile wanacheza ligi ya hapa hapa. Napendekeza TFF iweke kikomo: mabeki wa kigeni wasizidi wawili kwa klabu. Na kama mnabisha kwamba hatuna mabeki, beki bora wa kati tangu mwaka 2000 ni Nadir Haroub "Cannavaro", wa pili Ibrahim Hamad "Bacca" wa Yanga, wengine wafuate foleni.

Msimbazi Damu:
Ulianza vizuri, ukamalizia na ushabiki maandazi. Victor Costa "Nyumba" umemuweka wapi? Mwaka 2003 Simba inamvua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa penalti, kwao Cairo, Costa na Boniface Pawasa ndio ukuta na Kaseja golini. Cannavaro ana mechi gani ya uzito huo? Halafu unampa Bacca namba mbili, kijana aliyeokotwa ligi ya mchangani, timu ya wanamaji. Tuheshimiane.

Jangwani 1935:
Mtu wa 5-1 anataka kufundisha watu ulinzi. Tarehe 5 Novemba 2023, Yanga tulipowafunga hizo tano, mabeki wenu Simba wa kati walikuwa Inonga na Che Malone, Mkongo na Mkameruni. Hadi mapumziko 1-1, kipindi cha pili mkala nne. Hao ndio wageni mnaotaka kuongeza?

Mwana wa Michenzani:
Sheikh Msimbazi, hebu rudi hapo kwenye "mchangani". KMKM ni Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, na timu yake ina mataji ya ligi ya Zanzibar tangu wewe hujajua kuotea ni nini. Bacca katoka pale Januari 2022 kaenda Yanga, na hakumaliza muda mrefu kabla ya kuwa beki wa kutegemewa wa Stars. Cannavaro mwenyewe ni wa kwetu. Disemba 2017 Zanzibar Heroes tulimpiga Bara 2-1 kwenye Chalenji, tukafika fainali, Kenya akatushinda kwa penalti tu. Mwezi Mei 2025 CAF walipoukataa Uwanja wa Mkapa kwa ajili ya nyasi, fainali yenu Simba ya Shirikisho na Berkane mliileta wapi? Amaan. Mchangani huko huko.

Msimbazi Damu:
Uwanja ni mzuri, nani kakataa. Nimesema ligi. Beki wa KMKM kwa mwaka anakutana na washambuliaji wangapi wa kiwango cha Mayele?

Mwana wa Michenzani:
Na beki wa Mtibwa au Coastal anakutana nao mara mbili kwa mwaka, na huwa ni siku ambayo timu nzima imejaa ndani ya kumi na nane. Hiyo ndiyo shule unayoisifia?

Fundi wa Daraja C:
Ndugu zangu, mmetupiana 5-1 na Zamalek na hakuna aliyegusa kazi yenyewe ya beki. Nitaigusa mimi.

Beki wa kati wa Kitanzania anaondoka kwenye timu ndogo akiwa na mambo mawili yaliyokamilika: kuruka na kukaba ndani ya boksi. Sababu ni hiyo aliyoitaja Michenzani, timu zao hukaa chini kabisa. Anapoingia timu kubwa kazi inageuka. Mstari wa ulinzi unapanda mpaka karibu na duara la kati, nyuma yake kuna mita 40 za nyasi tupu, na mpira unapita kwake kwanza kabla ya kufika kwa kiungo. Hapo ndipo wengi wanakwama, na kosa liko sehemu tatu ambazo kamera ya televisheni haizionyeshi.

La kwanza ni miguu. Mpira mrefu ukipigwa, beki aliyesimama kifua kikitazama mpira anahitaji hatua mbili kugeuka, na mshambuliaji ameshamla mita mbili au tatu. Aliyesimama ubavu, mguu mmoja nyuma, anaondoka papo hapo. Dickson Job si mrefu, na anaishi kwa jambo hili. La pili ni umbali na mwenzake. Mpira ukiwa katikati, mita 8 hadi 12 zinatosha. Ukienda pembeni wanatakiwa kusogea wote, lakini wengi wanasogea nusu, mmoja anafuata beki wa pembeni na mwingine anaganda, na pengo la mita 20 linafunguka usawa wa nguzo ya kwanza. La tatu ni pasi ya mguu dhaifu. Beki wa mguu wa kulia akipangwa kushoto anapokea mpira, anaurudisha ndani kwa kulia, na adui anajua. Mnaona presha inakuja upande huo huo mechi nzima.

Kwa hiyo anayetaka kusajili beki asitumiwe video ya dakika tano ya "tackling" na vichwa. Aombe mechi tatu kamili, moja iwe ambayo timu yake ilifungwa, kisha amtazame yeye tu mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja. Mara ngapi anageuza shingo kumtafuta mtu wake? Asiyegeuza shingo hatafundishika haraka, awe wa Kigoma au wa Abidjan.

Jangwani 1935:
Fundi umeongea. Ila hujasema hao watatu wetu, Job, Bacca na Mwamnyeto, ndio walioandamana na timu mpaka fainali ya Shirikisho 2023. Tulimfunga USM Alger 1-0 kwao Algiers. Tumekosa kombe kwa sheria ya goli la ugenini tu.

Msimbazi Damu:
Na mechi ya kwanza Mkapa mlifungwa 2-1 na mabeki hao hao. Hilo limepita kimya.

Kitasa Namba Nne:
Mnaona mnavyonithibitishia? Fainali ya Afrika, mabeki wa kati wazawa. Waliotubeba mbele walikuwa wageni. Kikomo kiwekwe.

Msimbazi Damu:
Mkuu, na Wawa, Onyango na Inonga, mabeki wa kigeni wa Simba, unawaweka wapi? Simba imezoea robo fainali za Afrika na wageni wakiwa nyuma. Mwaka 2021 tulimfunga Al Ahly 1-0 Mkapa, na Onyango na Wawa ndio walikuwa safu yetu msimu ule.

Jangwani 1935:
Na msimu ule ule Kaizer Chiefs akawapiga 4-0 Johannesburg. Goli la kwanza kichwa cha Mathoho, mapema kabisa. Wageni wenu walikuwa wamesimama.

Fundi wa Daraja C:
Mkishagusa goli la kichwa, mipira ya kutenga, yaani kona na faulo, inahitaji neno, kwa sababu lawama yake inamwangukia beki ambaye mara nyingi hana kosa. Ukikaba maeneo, unapanga watu watano au sita kwenye mstari wa yadi sita na wengine wawili au watatu mbele yao kuzuia wakimbiaji. Anayesimama anaruka kutoka tuli, anayekuja anaruka na mbio, na mwenye mbio anapanda juu zaidi. Kazi ya wale watatu wa mbele ni kuvunja mbio, basi. Wakishindwa kuweka mwili njiani, beki wako awe na urefu wowote atapigwa kichwa. Timu zetu nyingi zinawapa kazi hiyo viungo wepesi waliobaki baada ya warefu kupangwa, na mazoezini kona zinaachwa dakika kumi za mwisho, watu wameshachoka.

Binti wa Barabara ya Ishirini:
Salaam kwenu kaka zangu. Mnagombania nani amevaa jezi gani, mimi nauliza nani alimlea. Mwamnyeto katoka Coastal Union mwaka 2020. Ibrahim Ame, Coastal, mwaka huo huo kwenda Simba. Abdi Banda, Coastal. Lameck Lawi, Coastal, na wote mnakumbuka mwaka 2024 Simba walimtangaza, Coastal wakakana, ikawa kesi. Tanga tunatoa mabeki kama shamba, na klabu inabaki inahangaika na nauli ya kwenda Bukoba. Kikomo cha wageni hakimsaidii Coastal hata shilingi.

Msimbazi Damu:
Dada, wauzaji ni nyie. Pesa mlipokea.

Binti wa Barabara ya Ishirini:
Tulipokea bei ya kijana ambaye mkataba wake umebaki miezi. Ngoja nieleze, maana hapa ndipo klabu ndogo zinaliwa. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine mkataba wake ukibakiza miezi sita. Klabu kubwa inajua, kwa hiyo inakuja mkataba ukiwa umebakiza miezi saba au minane na kusema chukua hii kidogo au subiri tumpate bure. Mkataba unaruhusiwa kufika miaka mitano, na kwa aliye chini ya miaka 18 ni mitatu. Viongozi wetu wanampa kijana wa miaka 19 mkataba wa miwili, halafu wanashangaa.

Jangwani 1935:
Si klabu ndogo tu. Mohamed Hussein "Tshabalala" mkataba uliisha Simba 2025, akavuka kuja Yanga bure.

Msimbazi Damu:
Miaka 11 ametumikia. Mwacheni Mohamed Hussein kwenye mada hii.

Mwana wa Michenzani:
Dada wa Tanga, na ile fidia ya malezi ya FIFA? Si ipo? KMKM wanatakiwa walipwe kwa Bacca, kijana alikuwa chini ya miaka 25.

Binti wa Barabara ya Ishirini:
Ipo, lakini si kwa safari hiyo, na umri unaohesabika ni mpaka mwaka anaotimiza 23. Fidia ya malezi inadaiwa mchezaji anapovuka kutoka chama cha nchi moja kwenda kingine. Mchango wa mshikamano nao ni asilimia 5 ya bei ya uhamisho, unagawiwa kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka wa 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila mwaka wa 16 hadi 23. Tuseme beki aliyelelewa Coastal tangu 18 hadi 20 anauzwa na Yanga kwenda Afrika Kusini kwa dola 200,000. Coastal ina miaka mitatu, asilimia 1.5, yaani dola 3,000. Lakini akitoka Coastal kwenda Yanga, FIFA haimdai mtu. Na Zanzibar si mwanachama wa FIFA, mbele yake KMKM na Yanga wako chini ya TFF mmoja.

Mwana wa Michenzani:
Hapo sasa umenigusa pabaya. Machi 2017 CAF walitupa uanachama kamili, Julai wakaunyang'anya. Miezi minne! Leo tungekuwa na kiti chetu, kila kijana anayevuka bahari kuja Dar angeacha fedha Unguja na Pemba.

Kitasa Namba Nne:
Ndugu, uanachama wa CAF peke yake usingetosha, fidia hiyo ni ya FIFA. Na tusihamishie mada kwenye Muungano, tafadhali.

Mwana wa Michenzani:
Sikuihamisha mimi. Aliyesema mchangani ndiye aliyeihamisha.

Fundi wa Daraja C:
Binti ameweka kidole penyewe. Kanuni za FIFA zinavitaka vyama viwe na utaratibu wa ndani wa kuzilipa klabu zinazolea vijana. Tukidai hilo TFF, tutapata mabeki zaidi kuliko kwa kikomo. Kikomo kitawaweka vijana benchi. Ligi ni timu 16, mechi 30, dakika 2,700. Beki wa miaka 20 anahitaji angalau nusu ya hizo ili makosa yake yaonekane na yarekebishwe. Ukimlazimisha Simba kusajili mzawa ambaye hamtaki, atacheza dakika 200, na akirudi kwa mkopo msimu unaofuata miguu imeshasahau umbali.

Kitasa Namba Nne:
Basi kikomo kiwe cha dakika, si cha usajili. AFCON 2027 tunaandaa na Kenya na Uganda. Kapombe na Tshabalala hawatacheza milele, na nyuma yao pembeni sioni foleni.

Jangwani 1935:
Pembeni kuna Haji Mnoga, kazaliwa Uingereza.

Msimbazi Damu:
Kwa hiyo mwisho wa mjadala wa mabeki wazawa jibu ni kijana aliyekulia Portsmouth. Kitasa, Victor Costa bado hujamjibu.

Kitasa Namba Nne:
Costa namba tatu. Usiku mmoja wa Cairo haumpiti mtu aliyekuwa nahodha wa Yanga na kitasa cha Stars kwa miaka.

Binti wa Barabara ya Ishirini:
Wakati mnapanga namba, kuna kijana wa miaka 18 wiki hii anawekewa karatasi mbele. Mwenye sikio la kiongozi wa klabu ndogo amwambie aandike mambo matatu: miaka minne, asilimia 20 ya mauzo yajayo, na tarehe ya malipo ambayo ikipita mkataba wa kumuuza unakufa wenyewe. Hicho kipengele cha tarehe ndicho kinachosahaulika.

Msimbazi Damu:
Asilimia 20 hakuna klabu kubwa itakayokubali. 10.

Binti wa Barabara ya Ishirini:
Anza na 20, kaka.