Hatua 30 za kukua kwenye jiwe: wamejuaje ni mnyama mmoja?

mfuga_samaki: Wakuu, huwa natotoa mayai ya artemia, vijikamba vya maji ya chumvi, kulishia samaki wangu. Juzi niliweka tone chini ya hadubini: kitoto kina jicho moja jekundu katikati na jozi tatu tu za viungo, basi. Baada ya siku chache wenzake wameota mkia na vichipukizi vya miguu. Sasa nasoma kuna Rehbachiella, jamii hiyohiyo ya kamba na kaa, kisukuku cha Sweden cha karibu miaka milioni 500, eti kimepangiwa hatua 30. Kitu laini vile kilisalimikaje? Na nani kasema si spishi 30?

siki_na_mawe: Mkuu, neno "laini" linawapotosha wengi. Kilichobaki kwa kawaida ni ngozi ya nje, nyembamba mno, pamoja na miguu na nywele zake. Nyama ni nadra. Fosfati, aina ya madini, iliipaka ngozi na kuichukulia nafasi kabla haijaoza. Jiwe lenyewe ni la chokaa, linaitwa Orsten, na ukiligonga linanuka. Asidi ya siki hula chokaa na kuiacha fosfati. Mtafiti Klaus Müller wa Bonn, Ujerumani, alikuwa akiyeyusha mawe hayo akitafuta konodonti, visukuku vidogo kama vijimeno, akakutana na miili kamili ya wanyama.

Mimi nimewahi kuchambua masalia ya mawe yaliyoyeyushwa, kwa brashi yenye unywele mmoja. Ukipiga chafya, kazi ya asubuhi nzima imekwenda.

Kuhusu spishi 30: mtafiti Walossek, aliyeieleza Rehbachiella kwa kina mwaka 1993, alifuata kiungo kimojakimoja. Mguu huanza kama kinundu kitupu, hatua ya mbele umegawanyika, halafu unaota nywele. Jozi ya mbele ikishakomaa, ya nyuma yake ndiyo inachipua. Kadogo kabisa kana jozi tatu, kama kale kako ka kwenye tone. Zingekuwa spishi tofauti, zisingepokezana hivyo.

kaa_mawe: Naongeza: hawa hukua kwa kujivua gamba, ndiyo maana ukuaji unakuja kwa ngazi. Kwa mwanadamu usingeweza kuhesabu.

mfuga_samaki: Nimeelewa. Na mkubwa wao yukoje?

siki_na_mawe: Hajapatikana. Orsten huhifadhi vya chini ya milimita 2 tu, kwa hiyo hatua 30 zote ni za watoto.

mfuga_samaki: Duh. Watoto wote hao, mama hayupo.