Mjadala: Sanduku lile lile la bahati, bei mbalimbali. Serikali iingilie?

Wa Kizingo: Wajuzi wa gemu, sanduku la bahati unalinunua bila kujua zawadi iliyo ndani. Anayenunua ndani ya simu, anayenunua kwenye tovuti ya gemu na anayenunua kwa wakala wa mtaani hapa Mombasa hawalipi sawa kwa sanduku lile lile. Ni wizi wa mchana au biashara? Bei moja ilazimishwe?

Wa Majengo: Biashara. Duka la Apple au la Google hukata hadi 30% ya malipo. Kwenye tovuti ya gemu mkato huo haupo, ndiyo maana nyongeza nono huwekwa huko. Ongeza VAT ya 16%, kisha dola: bei isiyo ya shilingi hukatwa kwa kiwango cha kadi, si cha Benki Kuu. Bei moja utaipataje hapo?

Wa Kisauni: Hayo ni ya pembeni, shekhe. Tofauti kubwa imepangwa makusudi kwenye vifurushi. Chukua gemu ya Genshin Impact, bei za Marekani kabla ya kodi. Jaribio moja la bahati ni fuwele 160, yaani pesa ya ndani ya gemu hiyo. Kifurushi kidogo ni fuwele 60 kwa dola 0.99, kikubwa, ukishatumia ofa ya mara ya kwanza, ni 8,080 kwa dola 99.99. Piga hesabu: jaribio ni dola 2.64 kwa mwenye kidogo, 1.98 kwa mwenye kikubwa. Tena yule wa kidogo hawezi kununua 160 kamili. Atachukua vifurushi vitatu, apate 180, na zile 20 zibaki zikimwita arudi dukani. Asiye na pesa ndiye anayelipa ghali.

Wa Likoni: Ndiyo maana vijana hukimbilia wakala. Lakini almasi (nazo ni pesa za ndani ya gemu) za bei ya kutupa mara nyingine zimelipiwa kwa kadi ya wizi. Mwenye kadi akidai pesa zake, kampuni huzifuta almasi, salio la mchezaji huingia hasi au akaunti hufungwa. Wakala keshabadilisha laini.

Wa Majengo: Na wanaojidai wako nchi nyingine ili wapate bei nafuu? Steam, duka la gemu za kompyuta, hudai njia ya malipo ya nchi hiyo hiyo. Novemba 2023 Argentina na Uturuki zilihamishiwa bei za dola, mwanya ukabanwa.

Wa Kisauni: Bado mnajadili bei ya kufungulia. Ufunguo wa sanduku la gemu ya Counter-Strike umekuwa dola 2.49, na kisu, zawadi adimu inayowindwa, hutoka kwa uwezekano wa 0.26%. Wastani ni masanduku 385, yaani funguo za karibu dola 960. Wengi hudhani ukifika 385 kisu ni haki yako. La! Uwezekano wa kuwa umepata angalau kimoja hapo ni kama 63% tu. Sanduku halikumbuki uliyofungua jana.

Wa Mji wa Kale: Basi lipigwe marufuku kama Ubelgiji. Tume yao ya michezo ya kubahatisha ilisema 2018 kwamba ni kamari, na Januari 2019 EA, kampuni ya gemu ya soka ya FIFA, ikaacha kuuza huko pointi za FIFA za kununulia pakiti za bahati.

Wa Majengo: Uholanzi je? Faini ya euro milioni 10 dhidi ya EA hiyo hiyo ilifutwa mahakamani 2022.

Wa Mji wa Kale: Haya, tuache marufuku. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji. Apple hutaka uwezekano wa kupata zawadi utajwe kabla ya kununua tangu Desemba 2017, lakini hufichwa nyuma ya kitufe kidogo. Uandikwe juu ya sanduku lenyewe, pamoja na gharama ya jaribio moja kwa shilingi.

Wa Majengo: Gharama ipi? Ya 2.64 au ya 1.98?

Wa Kisauni: Ya kifurushi alichonunua mwisho. Seva inakijua.

Wa Majengo: Na fuwele alizozipata bure kwa kucheza, zikishachanganyika na za kununua?

Wa Kisauni: Hizo zihesabiwe kando. Iwekwe sheria kwamba za bure hutumika kwanza.