Nina kidude cha kupima mota, niahirishe mwaka chuo nifanye startap?

mwana_voltu: Wakuu salama? Niko mwaka wa tatu uhandisi umeme, nimetengeneza kidude unakibandika kwenye mota, ndani kina sensa ya mtetemo ya MPU6050 na ESP32 (kompyuta ndogo yenye wifi), kinasoma mtetemo na kumtumia mwenye mota meseji kwamba beringi (inayoshikilia shafti izunguke laini) inaanza kufa kabla mota haijasimama. Maabara kinapiga kazi freshi kabisa na darasa zima wamekikubali. Sasa kuna maonyesho ya ubunifu nataka nikakionyeshe, ila nina mawili, kwanza niahirishe mwaka nikomae na biashara maana naona nikichelewa mtu ataniwahi, pili hataza (patent, haki ya kisheria ya uvumbuzi) niombe kabla au baada ya maonyesho, maana supavaiza anadai chuo nacho kina haki humo. Mnisaidie, ila yale ya Bill Gates aliacha chuo msije nayo, nimeshiba.

beringi_kavu: Dogo kabla ya hataza tuongee sensa kwanza. Mota ya mizunguko 1500 kwa dakika ni 25 Hz, yaani mara 25 kwa sekunde, ikikosa balansi utaiona palepale kwenye 25, shafti zisiponyooka mara nyingi inatokea kwenye 50, hapo sensa yako inatosha. Ila beringi ikianza kuchubuka dalili za mwanzo zinakaa juu huko kwenye maelfu ya Hz, na MPU6050 inachukua sampuli 1000 kwa sekunde, na sensa inaona hadi nusu ya sampuli zake tu, yaani zaidi ya 500 Hz hamna kitu. Kitakuja kutoa onyo wakati beringi inalia hadi mlinzi wa getini anasikia. Mlijaribia beringi gani?

mwana_voltu: Tuliitoboa wenyewe na drili 😅

beringi_kavu: Nilijua tu, uharibifu mkubwa hivyo hata sensa yako inauona, ule wa mwanzo ndo hauuoni. Tafuta sensa ya masafa mapana, au uza kama kifaa cha kugundua balansi na shafti, nayo ni biashara halali tu, ila usimwahidi mtu beringi.

hati_kwanza: Hataza ni KABLA ya maonyesho. Nchi nyingi kitu kikishaonyeshwa hadharani hakihesabiki tena kuwa kipya, Marekani wanampa mvumbuzi mwaka mmoja wa kupumua lakini Ulaya usitegemee hilo. Ukishapeleka ombi la kwanza, kwa Mkataba wa Paris una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine ukahesabiwa tarehe ya lile ombi la kwanza. Ila nikuambie ukweli, sensa ya sokoni na ESP32 na meseji mtetemo ukivuka kiwango, hiyo wameshafanya wengi, sioni cha kupewa hataza hapo labda una hesabu ya kipekee ndani ya programu. Kuhusu chuo, usibishane na supavaiza kwa mdomo, omba sera ya mali bunifu uisome, uangalie wanasemaje kuhusu maabara na hela za chuo, halafu mkikubaliana muandikishane.

mzee_wa_oskileta: Kuahirisha mwaka kwa sababu darasa limekubali? Darasa halinunui mota. Angalia Hewlett na Packard, waanzilishi wa kampuni ya HP, kifaa chao cha kwanza kilitokana na kazi ya Hewlett alipokuwa mwanafunzi Stanford, oskileta ya sauti (kifaa cha kutoa ishara za kupimia vyombo vya sauti) ambayo ujanja wake ulikuwa balbu ndogo tu ya kutuliza ukubwa wa ishara, na studio za Disney zikachukua 8 za toleo lililorekebishwa kwa mahitaji yao. Aliyeamua ni mnunuzi, majaji wa mashindano hawakuwepo hapo. Wewe tafuta watu wenye mota zinazowauma zikisimama, pampu, kinu, karakana, waachie kidude bure kwa muda halafu rudi uwaambie nakiondoa kama hulipi. Wakikuzuia usikiondoe ndo uje tuzungumzie kuahirisha. Na kwa nini kisiwe projekti yako ya mwaka wa mwisho, unasoma na unajenga humohumo?

mwana_voltu: Hiyo ya kukiondoa nimeipenda, kuna sehemu ina pampu nitaanzia hapo.

beringi_kavu: Sawa, ila nenda kaangalie kwanza kama wifi inafika kwenye chumba cha pampu. Na betri ya hiyo ESP32 ikituma muda wote inakaa siku ngapi, umeshapima?