Mti wa uani umekauka ghafla, niukate?

Shangani Mpya: Wakuu, salaam. Nina mti mkubwa uani, Shangani hapa Mtwara. Wiki mbili hizi majani yamegeuka mekundu na yanadondoka kutwa. Mvua kubwa ya juzi nayo imeuyumbisha, na uko mita tatu tu toka ukutani. Naona umekufa. Niukate?

Kunguru wa Ligula: Mti gani? Maana hata mkorosho ni mti.

Shangani Mpya: Sijui jina. Matawi yamepangana ngazi ngazi, jani pana kuliko kiganja, linakuwa jembamba kuelekea kikonyo.

Bi Mikindani: Mkungu huo, mwanangu. Kiangazi hupukutisha, na majani huwa mekundu kwanza. Kwangua gamba la kitawi kwa ukucha: chini pakiwa kijani na pabichi, kitawi kizima. Kisha tazama nchani kama kuna vichipukizi. Watu wanakaa kivulini mwake mwaka mzima bila kuinua macho, ukibaki mtupu ndipo wanauona, tena wakiwa na panga.

Mla Kungu: Msisahau tunda. Lianike likauke, lisimamishe kwa ubavu, gonga na jiwe pole pole. Ukigonga kwa hasira unakula unga na maganda.

Fundi Kipimo: Mkuu, chini ya huo mti kulifanyika nini mwaka huu?

Shangani Mpya: Kwani inahusu?

Fundi Kipimo: Inahusu sana.

Shangani Mpya: Mwezi wa sita nilimwaga zege uani, likafika hadi shinani. Na wachimba shimo la choo walikata mzizi mmoja, unene wa paja. Ila zege lilikuwa lazima, watoto wanaingiza mchanga ndani. Na mtu wa chensoo nimeshampa advansi.

Kunguru wa Ligula: Kumbe hukuja kuomba ushauri, umekuja kuomba baraka.

Fundi Kipimo: Mizizi mingi inayonyonya iko juu juu, ndani ya nusu mita ya kwanza, na inahitaji hewa. Vunja zege angalau mita moja kuzunguka shina, kwa nyundo na tindo. Sururu itakata mizizi zaidi. Usichimbe. Tandaza majani hayo hayo yaliyodondoka, unene wa vidole vinne, yasiguse shina maana gamba litaoza. Maji ndoo tatu za lita 20 kwa wiki, taratibu. Mbolea usiweke sasa.

Jicho Kavu: Subirini kwanza. Leo Agosti. Mvua kubwa ya juzi, Mtwara ipi hiyo? Huyu anatunga, anatafuta mteja wa kuni.

Mla Kungu: 😂 Bei ya mzigo?

Shangani Mpya: Mvua niliongeza chumvi, ni upepo. Mti upo na zege lipo.

Fundi Kipimo: Kama ni upepo, basi ni kusi, ule utokao kusini. Mzizi uliokatwa ulikuwa upande gani? Mizizi ya upande upepo unakotokea ndiyo inayoshikilia kama kamba ya ngalawa.

Shangani Mpya: ...Kusini.

Fundi Kipimo: Hapo ndipo penye hatari, siyo kwenye majani. Upepo ukivuma alasiri, simama kando uangalie: zege au udongo wa upande wa kusini ukiinuka, au ukiona ufa mpya, toa watoto uani, mwenye chensoo afanye kazi yake. Usipoinuka, apunguze matawi ya nje kidogo tu, asifyeke kichwa.

Shangani Mpya: Nimekwangua. Kijani. Zege sijaona likiinuka, ila jamaa anakuja kesho saa tatu.

Bi Mikindani: Mwambie aje na tindo.