Dreadnought, South Carolina au Nassau: mchoro upi ulikuwa bora?

Nanga_Kuu: Wakuu, habari za muda. Manowari tatu za mwanzo za aina ile yenye mizinga mikubwa mingi ya kipimo kimoja: Dreadnought ya Uingereza (1906), South Carolina ya Marekani, Nassau ya Ujerumani. Habari za nani aliwahi kushusha majini tuziache. Ukipewa michoro yote mitatu ujenge meli moja, unachukua upi?

Baharia Mstaafu: South Carolina, sipepesi macho. Dreadnought ina mizinga 10 ya inchi 12, ila minara miwili (vile vibanda vya chuma vinavyozunguka na mizinga) imekaa ubavuni, mmoja kila upande. Adui akiwa kulia, mnara wa kushoto hauna kazi, unabaki na mizinga 8. Mmarekani ana 8 tu na yote inapiga upande wowote, maana minara yake minne imepangwa kwenye mstari wa katikati wa meli, miwili omo (mbele) na miwili tezi (nyuma), na kila pahali mmoja umeinuliwa upige juu ya mwenzake. Na Bunge lao lilikuwa limewabana kwenye tani 16,000! Nassau ndiyo kabisa: mizinga 12, inayopiga upande mmoja 8.

Fundi Mvuke: Mkuu, mbona mashine unaziruka? Dreadnought ilifungwa turbini za Parsons (mvuke unazungusha mapanga moja kwa moja), mbio noti 21, yaani maili 21 za baharini kwa saa. South Carolina ni injini za mvuke za pistoni, noti 18 na nusu. Mwenye mbio ndiye anayeamua mpigane kwa umbali gani.

Bi Kilindini: Nassau msiidharau jamani. Pistoni zake zilikula nafasi ya katikati, ndiyo sababu mojawapo ya minara kusukumwa pembeni. Lakini deraya (chuma cha kinga) ya ubavuni ilifika milimita 300, na kwenye vita vya majini vya Jutland 1916 iligongana na Spitfire, manowari ndogo ya Waingereza, usiku ikarudi nyumbani.

Baharia Mstaafu: @Fundi Mvuke, mbio sawa. Sasa mlingoti wa mbele wa Dreadnought umewekwa nyuma ya dohani (bomba la moshi), eti usaidie kushusha mashua. Wanaopima shabaha wako juu pale, moshi na joto vyote vyao. Utapiga nini usichokiona?

Fundi Mvuke: Hapo sina utetezi 😂

Nanga_Kuu: Basi mimi nachukua minara ya Mmarekani na turbini za Mwingereza.

Bi Kilindini: Hiyo ilikuwepo, iliitwa Orion, ya Waingereza, 1912. Minara mitano yote kwenye mstari wa katikati, turbini, noti 21, mizinga ya inchi 13.5. Na mlingoti wakaurudisha nyuma ya dohani vilevile.