Vita ikipigwa katikati ya bahari, majeruhi wanapelekwa wapi?

Nahodha Mkavu:
Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni jamaa kasema mataifa makubwa yakipigana baharini majeruhi sio ishu, Marekani ana meli mbili za hospitali, Mercy na Comfort, kila moja vitanda 1,000. Nikamuuliza, meli ikipigwa leo na hospitali iko mbali siku tatu, aliyeungua anasubiri? Akaagiza kahawa nyingine. Wajuzi naomba mnijuze.

Gati Namba Tano:
Mkuu angalia vita ya visiwa vya Falklands 1982, Muingereza kapigana na Argentina kama maili 8,000 toka kwao. Kachukua meli ya abiria SS Uganda, ileile wazee wa Mombasa na Dar wanaikumbuka ikipiga ruti ya London miaka ya 50, wanafunzi waliokuwa wanatembezwa nayo wakashushwa Naples, ikaenda Gibraltar, siku tatu tu ishakuwa hospitali na kiwanja cha helikopta juu. Ila vitanda ndo ilikuwa kazi rahisi bana, shughuli pevu ni kumsafirisha mtu. Majeruhi anapasuliwa kwanza nchi kavu hukohuko visiwani, Ajax Bay, kwenye kiwanda cha nyama kilichokufa, mabomu mawili hayajalipuka yamo humohumo na madaktari wanapasua tu, halafu helikopta mpaka kwenye meli ya Uganda, akipata nafuu anahamia vimeli vya kupima bahari, Hecla, Hydra na Herald, mpaka Montevideo kule Uruguay, hapo ndo anapanda ndege kwenda kwao. Sasa Uruguay wangegoma?

sista wa zamu ya usiku:
Msisahau moto. Sir Galahad, meli ya Muingereza iliyobeba askari, ilipopigwa tarehe 8 Juni kwenye vita hiyohiyo walikufa 48, na walionusurika wengi waliungua. Nimekaa wadi ya walioungua, mgonjwa mmoja tu anakumalizia dripu na bandeji za wiki na manesi hawabanduki kwake. Wanaopanga vita wanahesabu vitanda, stoo hawaingii.

Wakili Uchwara:
Kuna na sheria. Mkataba wa Geneva wa 1949 unakataza meli ya hospitali kutumia mawasiliano ya siri, kwahiyo meli ya Uganda ikiongea redioni adui anasikia yote, anajua ilipo na inakutana na nani. Ikabidi wakubaliane na Argentina watenge eneo la bahari kaskazini ya visiwa, meli za hospitali za pande zote zikae humo. Leo nani atakubaliana na nani?

Nahodha Mkavu:
Aisee. Babu alikuwa kuli bandarini Dar miaka hiyohiyo ya 50, kesho namuuliza kama aliwahi kuipakua hiyo SS Uganda. Yule wa kahawa nimemtumia hii, kasoma, kimya.