MREJESHO: Kadi mbili za GTX 1080 Ti, mashine haizimi tena

Wakuu, naleta mrejesho. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini kompyuta yangu ya gemu inazima ghafla kila nikifungua gemu nzito, tangu nilipoongeza kadi ya picha (graphics card) ya pili, GTX 1080 Ti. Prosesa ilikuwa Core i5-7400, pawa saplai wati 600.

Mlionishauri nipige hesabu mlikuwa sahihi kabisa. Kadi moja wati 250, mbili 500, prosesa 65, bado diski, feni na mazabodi. Hapo 600 imeshakwisha, na kadi hizi kuna sekunde zinavuta zaidi ya hapo.

Nilipofungua kava nikakuta kubwa zaidi: kadi ya pili ilikuwa inalishwa kwa adapta kutoka waya za diski, plagi imeshaanza kuwa kahawia na inanukia plastiki iliyoungua. Fundi aliyenifungia hakunieleza. Nawaomba sana msikubali kufungiwa hivyo. Kila kadi ya aina hii inataka plagi yake ya pini 8 na ya pini 6, moja kwa moja kutoka kwenye pawa saplai.

Nimeweka ya wati 1000. Leo siku ya kumi na mbili, haijazima hata mara moja.

Ila fremu (picha kwa sekunde) hazikupanda mpaka nilipobadili na prosesa. Ile i5 ilikuwa inagonga asilimia 100 huku kadi zinasubiri. Sasa ni i7-7700K, imekaa kwenye mazabodi ileile ya Z270. Gemu isiyokubali SLI (mfumo wa kuunganisha kadi mbili zifanye kazi pamoja) bado inatumia kadi moja tu, na memori ya kadi inabaki GB 11, haijumlishwi.

Asanteni sana, mmeniokolea mashine.